Simu ya Marehemu na Haki za Wenyewe



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, na mama zangu mlioko nyuma ya pazia, najiusia nafsi yangu kwanza kisha nakuusieni nyinyi: tumche Mwenyezi Mungu katika makubwa na katika madogo. Makubwa tumeyasikia sana. Leo, kabla khatibu hajapanda mimbari, nataka tukae na dogo moja.

Dogo lenyewe ni simu. Sisemi hizi za mfukoni. Nasema ile simu ya mezani ya zamani, nyeusi, ya bakelaiti, nzito kama nanga, ya kutia kidole kwenye tundu na kuzungusha. Wengi wenu mnazo. Zimo juu ya makabati, zimo mvunguni, zimeviringwa kanga kuukuu, waya wake umekatwa, na hakuna ajuaye zifanywe nini.

Familia moja imeniletea suala lao, na wameniruhusu nililete kwenu bila ya kutaja jina la mtu. Baba yao alitangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Sasa nyumba inatengenezwa, vyombo vinatolewa nje, ikatokea simu. Mtoto wa kiume anasema iuzwe, kwani ameziona katika duka la vitu vya kale Shangani, watalii wanaziulizia bei. Binti anasema haiuzwi abadan. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa miguuni pa baba yake anapozungumza na watu wa Maskati, na simu ile ataichukua yeye. Mama yao, Mwenyezi Mungu ampe afya, anasema ipelekwe jaani, imemchosha kuifuta vumbi. Na pana aliyesema ipelekwe skuli, watoto wakaione. Wote wana hoja. Lakini maneno yamekuwa makali, na leo kaka na dada hawasemezani kwa ajili ya simu ambayo nayo haisemi.

Nikawaambia: nyote mmejibu suala la pili, na la kwanza hamkuliuliza. Kabla ya kusema tuifanye nini, semeni ni ya nani.

Wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Ya baba! Basi nikawauliza: baba aliinunua? Risiti iko wapi? Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Simu ilikuwa haiendewi dukani kama inavyoendewa leo. Uliandika maombi Posta, ukangoja, wengine wakingoja miaka, kisha akaja fundi na ngazi yake, akavuta waya kutoka nguzoni, akakuwekea chombo na akaondoka. Kwa utaratibu wa Posta ya Uingereza, ambao ndio uliofuatwa katika sehemu nyingi walizozitawala, chombo kile kilikuwa mali ya shirika, na mwenye nyumba akilipia kodi kila kipindi pamoja na hesabu ya maongezi. Huku kwetu lilikuwepo Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, moja kwa nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikasimamisha lake. Letu likawa Shirika la Posta na Simu Tanzania, na mwaka 1994 upande wa simu ukajitenga ukaitwa TTCL. Mashirika yamebadilika majina, waya zimekatwa, mafundi wamestaafu, na chombo kimebaki juu ya kabati la watu.

Msicheke. Najua mnasema sheikh leo ametafuta jambo. Lakini mali ya mwenzio haigeuki kuwa yako kwa kukaa kwako muda mrefu. Kama ingekuwa hivyo, kila mpangaji angerithisha nyumba ya watu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe, na hakubagua amana ya dhahabu na amana ya bakelaiti.

Ni kweli kwamba wanazuoni wamezungumza juu ya kitu ambacho mwenyewe amekipa mgongo kwa hiari yake, akakiacha kwa kuwa hana haja nacho tena. Aliyekiokota anaweza kukimiliki. Na mimi nadhani, kwa simu nyingi hizi, hivyo ndivyo ilivyo, kwani hakuna shirika litakaloleta gari kuja kukusanya vyombo vya zama za babu zetu. Lakini dhana yangu si ruhusa. Nendeni mkaulize ofisini, kwa mtu mwenye mamlaka ya kujibu, si rafiki yenu wa kaunta. Atakuambieni kaeni nayo. Itakuwa mmetumia nusu saa, na mmetoka mkiwa na idhini ya mwenye mali. Na wale ambao baba zao walinunua kwa fedha zao, au waliletewa zawadi kutoka safari, hao suala hili limewapita.

Mkiwa hapo ofisini ulizeni na la pili: laini ilikatwa kwa nini? Mara nyingi ilikatwa kwa sababu bili haikulipwa. Mzee aliugua, akalazwa, karatasi zikarundikana, akafa, na ile hesabu ikafa pamoja naye, au ndivyo warithi wanavyofikiri. Deni halifi, ndugu zangu. Aya za mirathi katika Surat An-Nisaa, ya 11 na ya 12, zimekuwa zikirudia sharti moja kila zinapotaja mafungu: baada ya wasia, au baada ya deni. Marehemu anazikwa kwa mali yake, kisha madeni yake yanalipwa, kisha wasia wake unatekelezwa usiozidi thuluthi, ndipo watoto wakae mkekani kugawana. Sisi tunaanza na mkeka. Siku ya arubaini mtu ameshavaa saa ya marehemu, mwengine ameshachukua redio, na mwenye kumdai marehemu bado anaona haya kubisha hodi.

Tuseme sasa simu imethibiti kuwa ni ya baba, na hana deni. Ni ya nani leo? Si ya binti aliyempenda sana, wala si ya kijana aliyeijua bei. Ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Surat An-Nisaa, aya ya 7, imetaja fungu la wanaume na fungu la wanawake katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, na ikasema wazi kwamba ni sawa kilichoachwa kikiwa kidogo au kingi. Hapo ndipo penye mkazo wangu wa leo. Mola wetu alijua kwamba nyumba tutaiandikia hati na tutakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuigawa, lakini sinia, cherehani, kitanda cha besera na simu tutavipitisha mlango wa nyuma.

Niwapigie hesabu ya nyumba hii, maana hesabu haina aibu. Marehemu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Tuseme simu imeuzwa kwa shilingi 240,000. Mke ana thumni, yaani 30,000. Zinabaki 210,000 kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kila mwanamume 84,000 na binti 42,000. Rahisi. Lakini yule mtoto wa pili wa kiume naye amekufa, baada ya baba yake na kabla ya mgao. Kwa hiyo 84,000 zake zinashuka kwa warithi wake. Mama yake ana sudusi, 14,000. Mkewe ana thumni, 10,500. Zilizobaki, 59,500, ni za watoto wake watatu, wawili wa kiume kila mmoja 23,800, na kitoto cha kike 11,900.

Kitoto hicho cha kike bado kinasoma madrasa. Hakuitwa kwenye kikao. Ami yake anasema "tumekubaliana", shangazi yake anasema "tumekataa", na katika maneno yote hayo hakuna aliyemtaja yeye wala kaka zake. Na wao ndio warithi ambao hawana ulimi wa kusamehe! Mtu mzima anaweza kusema: fungu langu nimemwachia dada. Mwenyezi Mungu amlipe. Yatima hawezi kusema hivyo, na hakuna wa kumsemea. Msimamizi wake ameruhusiwa kuigusa mali yake kwa njia iliyo bora kwa yatima tu, na kuitoa bure si njia iliyo bora kwake, hata ikiwa inatolewa msikitini. Nalisema hili makusudi, kwa sababu nimeona watu wanamaliza ugomvi wa mirathi kwa kusema "basi tuitoe sadaka, sote tupate thawabu". Unatoa sadaka cha nani?

Shilingi 11,900 ni nini? Madaftari machache na kalamu. Lakini angalieni kilichotokea wakati wa vita vya Khaybar. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtumishi mmoja aliyekuwa na Mtume (S.A.W.), akiitwa Mid'am. Walipokuwa wanarejea, mshale usiojulikana umetoka wapi ukampiga, akafa. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akakanusha, akaapa kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawiwa inamuwakia moto. Masahaba waliposikia hayo, mtu mmoja akakimbia akaleta ugwe wa kiatu, au mbili, alizokuwa amejichukulia. Akaambiwa kwamba nao ni ugwe wa moto. Ugwe wa kiatu! Mtu yule aliona haustahili kutajwa. Ngawira si mirathi, nakubali, lakini zote mbili ni mali ya pamoja ambayo haijagawiwa, na mwenye kujitwalia amejitwalia cha wenzake.

Sasa nije kwa binti, kwa sababu najua yupo, na sitaki aondoke akidhani dini imemnyang'anya baba yake mara ya pili.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Makureshi walituma fidia za kuwakomboa mateka wao. Miongoni mwa mateka alikuwemo Abul-Aas bin Rabii, mume wa Zainab, binti wa Mtume (S.A.W.). Zainab alikuwa bado yuko Makka. Akakusanya mali aliyokuwa nayo ili amkomboe mumewe, na ndani yake akatia mkufu. Mkufu ule alipewa na mama yake, Bibi Khadija, siku alipopelekwa kwa mumewe. Bibi Khadija alikuwa amekwishafariki. Habari hii imo katika Abu Daud, kutoka kwa Bibi Aisha. Anasema Mtume alipouona mkufu ule moyo wake ulilainika sana.

Hebu tuliza fikra hapo. Kiongozi wa jeshi lililoshinda, anahesabiwa fidia, na katika rundo la mali anakiona kitu cha mkewe. Hakujizuia kuhuzunika na hakuona haya mbele ya watu. Basi yeyote anayewaambia watoto wa marehemu kwamba kukipenda kitu cha mzazi wao ni udhaifu wa imani, amekaza mahali ambapo Mtume hakukaza.

Lakini angalia alichofanya baada ya huzuni. Ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Lau angeunyoosha mkono akauchukua mkufu, nani angesema neno? Hakuuchukua. Aliwageukia masahaba, kwa sababu fidia ile ilikuwa na haki yao ndani yake, akawauliza kama wataona vyema kumwachilia mateka wa Zainab na kumrejeshea mali yake. Wakasema ndiyo. Ndipo mkufu ukarudi kwa Zainab.

Binti yangu, fuata njia hiyo hiyo. Waambie ndugu zako kama ulivyoniambia mimi: naitaka, kwa sababu ya baba. Waombe. Wenye uwezo wa kuachia wakiachia, sema alhamdulillahi. Mafungu ya mayatima yatie bei na uyalipe, yawekwe kwa jina lao. Shilingi elfu hamsini na tisa na mia tano si kitu cha kumshinda mtu anayesema kitu hiki hakiuzwi kwa bei yoyote. Kisha ichukue, iweke ukumbini kwako juu ya kitambaa kizuri, hakuna atakayekulaumu. Na wewe kaka, ukiombwa namna hiyo, usijifanye mfanyabiashara kwa dada yako.

Ikiwa hapatakuwa na maafikiano, iuzwe, na hapo kuna mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mnunuzi anayekuja nyumbani. Mnawajua. Anasikia kuna mzee amekufa, nyumba ya zamani, mjane hajui soko. Anakuja na noti mkononi, anasema mama, hii takataka, nakuondolea bure, shika elfu kumi. Ndivyo ilivyotoka milango mingi ya nakshi, makasha ya misumari ya shaba na saa za ukutani katika mji huu. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuwatokea njiani wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim, mwenye bidhaa akishafika sokoni akaiona bei ana hiari ya kuivunja biashara ile. Watu wa misafara walilindwa kwa sababu walikuwa hawajui bei ya mjini. Mjane aliyeko edani hakai mbali nao. Nyinyi wenye maduka, ambao baadhi yenu nakuoneni hapa safu ya mbele, kununua rahisi si haramu. Kuinyamazia bei unayoijua huku ukimwambia mwenye mali kuwa mali yake ni takataka, huo ni uongo, na uongo una hukumu yake.

La pili ni nyinyi wauzaji. Siku hizi zimo sokoni simu za mfano wa zamani, zimetengenezwa juzi, zikapakwa na kuchakazwa zionekane na umri. Mwenye nayo aseme ni ya juzi. Na mwenye ya kweli, ikiwa mkonga una ufa na ameuziba kwa gundi, au ndani hamna kengele, aseme. Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na maji. Mwenyewe akasema limenyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakulitia lile bichi juu watu waone. Mtalii ni mtu wa watu. Haki yake haipungui kwa kuwa anaondoka kesho kwa ndege.

Na rai ya skuli? Mimi nimeipenda, kwa sharti la yale niliyosema juu ya mayatima. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume alipita penye mbuzi aliyekufa, aliyekuwa amepewa mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna. Akawauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakasema huyo ni mzoga. Akawaambia kilichoharamishwa ni kumla. Kitu kilichokwisha kwa kazi yake ya kwanza bado huenda kina manufaa ya pili, na mwenye akili huyatafuta kabla ya kwenda jaani.

Na manufaa yamo. Mfungulieni mtoto simu ile kwa bisibisi. Kisahani kikizungushwa na kuachiwa, kinaporudi mahali pake hukata na kuunga umeme wa laini. Tatu hukata mara 3, saba mara 7, sifuri mara 10, kwa kasi ya kama mikato 10 kwa sekunde, na mitambo ya kituoni ikahesabu mikato ile ikajua unamtaka nani. Katika mkonga, pale pa kusemea, mna chembechembe za mkaa. Sauti inazibana na kuziachia, na umeme unaopita ndani yake unapanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Chembe zikigandamana sauti hufifia, ndiyo maana mlikuwa mkiwaona wazee wanaupiga mkonga kwa kiganja, "Haloo! Haloo!", kisha wanaendelea. Mtoto anayeona haya kwa macho yake anafahamu kitu ambacho simu ya kioo haiwezi kumwonyesha hata akiivunja. Hata kama laini za leo hazihesabu tena mikato, simu bado inafundisha.

Kuitupa ndiyo rai ya mwisho, na mama asikasirike. Mughira bin Shu'ba amepokea: Mwenyezi Mungu anachukia kwetu mambo matatu, maneno ya "imesemwa" na "fulani kasema", kuuliza uliza kupita kiasi, na kuipoteza mali. Ajabu ya hadithi hii, simu moja inaweza kuingia katika la kwanza ikiwa nzima na katika la tatu ikishaharibika. Ikiwa kweli imekufa haifai kwa lolote, mpeni fundi achukue shaba na vipuri. Msiwape vijana waichome uwanjani kupata waya. Moshi ule unaingia nyumba ya jirani, pana mtu ana pumu, pana mtoto mchanga, na hatukuruhusiwa kudhuru.

Nimetaja jirani. Wallahi hapa naweza kukaa hadi Alasiri.

Zama zile mtaa mzima ulikuwa na simu moja au mbili. Mtu wa Maskati au Dubai anapiga kwa mzee fulani, anasema niitieni mama yangu, nitapiga tena baada ya robo saa. Mtoto anatumwa mbio, anapita vichochoro viwili, anarudi na bibi wa watu ametupia buibui nusu kichwani. Bibi anakaa kwenye kiti, anausubiri mlio. Wenye nyumba wanatoka ukumbini wampe nafasi. Simu ya kifo ilipokelewa hapo, na ya mtoto kuzaliwa, na ya posa. Mwenye nyumba hakulipwa kitu. Ujira wake uko kwa Mola wake, na nataraji ni mwingi.

Na zilikuwepo nyumba nyengine. Mnakumbuka lile kufuli dogo lililotiwa kwenye tundu la kisahani kisizunguke? Wengine walijenga na kisanduku cha mbao kizima, na ufunguo unalala chini ya mto. Simwiti kila aliyefunga kuwa ni bahili. Bili ilikuwa nzito, na wako vijana waliojua kuwa ukivigongagonga vile vidude vinavyokaliwa na mkonga, kwa hesabu, simu inapiga na kufuli lake. Wengine wamo humu ndevu nyeupe, na bili waliyomjazia mwenye nyumba hawajamuomba radhi mpaka leo. Warithi wake wapo. Lakini palikuwa na kufuli la ubahili pia, la kuzuia hata anayeita daktari usiku. Surat Al-Maun imemalizia kwa kuwakemea wanaozuia msaada wa vyombo, na wafasiri wakatoa mifano ya ndoo, chungu na shoka. Vitu vya kuazimana. Jitazameni na vifurushi vyenu vya intaneti.

Mwenye simu pia aliyasikia mengi ya watu, apende asipende. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, Mmarekani aliyepata mwaka 1891 hati ya ubunifu wa mtambo wa kuunganisha simu bila ya opareta, kazi yake ilikuwa ya maziko, na kilichomsukuma ni shaka kwamba opareta wa mji wake, mke wa mshindani wake, alikuwa akiwapeleka kwa mumewe wateja waliomtaka yeye. Iwe kisa chote ni kweli au kimetiwa chumvi, kimefahamika kila nchi, kwa sababu kila nchi ilikuwa na mtu aliyekaa katikati ya waya akisikia siri. Yale mliyoyasikia ukumbini kwenu utotoni, ya ndoa za watu na madeni ya watu, msiyafanye hadithi za barazani kwa kuwa wenyewe wamekufa. Watoto wao wanasali nanyi.

Na hapa nimalizie suala la nyumba hii, maana kuna kitu hawakukipa uzito. Pamoja na simu limetoka daftari, lilikuwa limefungwa kwa uzi ubavuni mwa meza. Ndani yake mna namba, na baadhi ya kurasa mna majina na hesabu za fedha. Nimelisoma. Upande mmoja ni wale waliopiga simu wakasema watalipa. Hayo ni madai ya marehemu kwa watu, na watu wazima katika warithi wana hiari ya kusamehe mafungu yao. Upande wa pili ni fedha alizokuwa akipokea kutoka kwa watu walioko nje awafikishie jamaa zao hapa. Kila aliyekabidhiwa, jina lake limepigwa mstari. Mzee alikuwa mwaminifu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mstari mmoja haukupigwa. Una jina la mwanamke wa mtaa wa pili, kiasi, na neno "amana". Huenda alimpa akasahau kuandika, huenda maradhi yalimwahi. Nimewaambia simu waiache kwanza ilipo. Bibi yule yu hai. Leo tukishasali, kaka na dada watakwenda kwake pamoja, wamuulize kama alizipokea, na akisema hakuzipokea basi hizo zinatoka katika tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, kabla ya fungu la mtu yeyote kati yao.